Lusini: Chakula cha Ng'ombe, Mbolea ya Mchicha



Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nafundisha somo la upungufu wa damu katika kituo kimoja cha vijana kwenye miteremko ya Mlima Meru, Arusha. Somo hilo nimelifundisha mara nyingi, karibu nimelikariri. Nikasema kama kawaida: dada zangu, tuleni mboga za majani, mchicha, mnafu, sukuma wiki, matembele, tena kila siku. Nikaandika ubaoni takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16, kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikutwa na upungufu wa damu.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. Wiki ile ile alikuwa amepimwa zahanati, damu ikakutwa iko chini, akapewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa ale mboga. "Dada," akasema, "nyumbani bustani tunayo, ila mboga zimekuwa za njano. Mama alikuwa anaweka urea, mwaka huu ameshindwa kununua. Sasa nile hizo za njano?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana jibu sikuwa nalo.

Mtakumbuka mwaka ule. Vita vya Ukraine vilianza Februari 2022 na bei ya mbolea ya dukani, ambayo tayari ilikuwa imeshapanda, ikazidi kupaa. Agosti mwaka huo huo serikali ilianzisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha. Ni jambo jema, lakini mama mwenye matuta matatu nyuma ya jiko hajihesabu kuwa mkulima. Hajiandikishi popote. Yeye huenda dukani akapimiwa kilo moja au mbili, na kilo hizo zikipanda bei, basi, anaacha.

Makala hii ndiyo jibu ambalo siku ile sikuwa nalo. Nimechelewa kulitoa, na kabla ya kulipata niliua miche ya watu, kama nitakavyoeleza.

NJANO ILE INASEMA NINI?

Mboga ya majani ikiwa na njaa ya naitrojeni, majani ya chini, yaani yale makongwe, ndiyo huanza kuwa ya njano. Mmea unayanyang'anya yale ya zamani ili kuyalisha machanga ya juu. Baadaye mmea wote hufifia, hudumaa, na mchicha hutoa maua mapema ukiwa bado mfupi. Ukiona hivyo, na maji unamwagilia vizuri, mara nyingi shida ni naitrojeni.

Urea ni naitrojeni iliyotengenezwa kiwandani. Kila kilo 100 za urea zina kilo 46 za naitrojeni. Ndiyo maana ukiweka leo, baada ya wiki moja majani yamekuwa kijani cha kung'aa. Mimi si adui wa urea. Lakini haiachi chochote cha kulainisha udongo, inataka ununue tena kila msimu, na ukizidisha inaunguza.

Sasa fikiri kidogo. Hewa unayovuta hivi sasa, karibu sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni. Tunaogelea ndani yake! Ila mchicha hauwezi kuichukua kutoka hewani, na wewe pia huwezi. Wapo wanaoweza, na hao ni bakteria wadogo wanaoitwa rizobia, ambao hupanga nyumba kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde: maharage, kunde zenyewe, karanga, na lusini. Mwaka 1886 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walieleza kwamba vile vifundo vya kwenye mizizi ya mimea hiyo ndivyo vinavyoiwezesha kutumia naitrojeni ya hewani. Kabla ya hapo wakulima walijua tu kwamba baada ya maharage shamba linakuwa zuri. Sababu hawakuijua.

LUSINI NDIYO IPI?

Ni majani ya malisho, yanafika magotini au zaidi kidogo, majani yake yamekaa matatu matatu, maua ni ya zambarau. Ukisoma vitabu vya Wamarekani utakuta wanaita alfalfa. Ukiwa na ndugu Oman atakuambia huko inaitwa qatt, inapandwa chini ya mitende kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe. Tafadhali isichanganywe na qat ya Yemen, maana hiyo ni mirungi, na hayo ni mambo mengine kabisa.

Pia usichanganye lusini na lusina. Lusina ni mti, una maua meupe kama vijipira na maganda bapa. Majani ya lusina nayo ni mbolea nzuri, ila ukimlisha sungura au punda kwa wingi hunyonyoka manyoya. Nimeona watu wakinunua mbegu za hili wakidhani ni lile.

Lusini hupandwa mara moja ikakaa miaka mitatu hadi mitano, unakata inachipua, unakata inachipua. Mzizi wake mkuu unashuka chini mita mbili na zaidi, kwa hiyo wakati wa kiangazi, nyasi nyingine zikiwa zimekauka, yenyewe bado inapata maji. Katika maeneo yetu ya ng'ombe wa ndani, utaikuta pembeni ya mabingobingo na majani ya guatemala.

Jirani wa kituo chetu alikuwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha lusini kisichozidi chumba kikubwa. Nilimwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mmekosa nini?"

Nikamwomba anionyeshe mzizi. Aling'oa shina moja la pembeni kwa jembe la uma, taratibu, akaukung'uta udongo. Kwenye mizizi midogo kulikuwa na vifundo kama punje za mtama, vingine vimeshikana kama vidole. Akakata kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha pinki.

PINKI YA MZIZI NA WEKUNDU WA DAMU

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo somo la bustani na somo la damu vinapokutana.

Pinki ile inatokana na kitu kinachoitwa leghimoglobini. Ukilisikia jina hilo tu utajua ni ndugu wa himoglobini, ile iliyo kwenye damu yako. Zote mbili zina madini ya chuma, na zote mbili kazi yake ni kushika oksijeni na kuisafirisha. Kwako wewe himoglobini hubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Kwenye kifundo, leghimoglobini huishika oksijeni na kuitoa kwa kipimo, kwa sababu bakteria wale wanaihitaji ili wapumue lakini ikizidi mashine yao ya kushika naitrojeni inaharibika.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama lusini yako, au hata maharage yako, inafanya kazi, ng'oa shina moja likiwa na wiki sita hadi nane, pasua kifundo. Pinki au nyekundu, kazi inaendelea. Nyeupe au kijani, hakuna kitu, au kazi imeshakwisha. Ni kama vile daktari anavyokuvuta kope ya chini ya jicho aone kama ni nyekundu au imepauka.

Nimefundisha himoglobini kwa picha za vitabuni miaka mingi, na sikupata umakini kama ule wa siku wasichana walipopasua vifundo. Yule wa kidato cha pili aliuliza swali zuri: "Kwa hiyo na mmea unaweza kupungukiwa damu?" Kwa namna fulani, ndiyo. Udongo ukikosa chuma, vifundo navyo hudhoofika.

TULIVYOWAPIKA MICHE

Sasa niseme kosa langu. Yule mama alitupa lusini mbichi, mizigo minne ya kichwani. Mimi chuo nilisoma mzunguko wa naitrojeni, nikafaulu vizuri tu, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Siku ya Jumamosi tukachimba tuta, tukajaza lusini mbichi unene wa kiganja kizima, tukafukia. Jumapili mchana tukapanda miche 60 ya sukuma wiki, ambayo kikundi kilinunua kwa michango yao wenyewe. Haraka yote ile ni kwa sababu wiki inayofuata tulitegemea wageni, na nilitaka wakute bustani.

Siku ya tatu miche ikalala. Tukamwagilia. Siku ya tano ikaanza kuoza shingoni. Nilipochimbua, udongo ulikuwa wa moto kama umetoka jikoni, na harufu kali ya kukereketa pua, ile ya chooni. Ilibaki miche 11. Wageni walikuja, wakaikuta hiyo 11.

Yule mama alikuja kuangalia, akashika kiuno. "Mwanangu, umewapika. Hata ugali unaacha upoe."

Kilichotokea ni hiki. Lusini mbichi ina naitrojeni nyingi na maji mengi, kwa hiyo inaoza kwa kasi. Ikioza ikiwa imerundikana, inatoa joto, inakula hewa ya udongo, na inatoa amonia. Mizizi michanga haivumilii hata kimoja kati ya hivyo. Mbolea haikuwa mbaya, mwenye haraka alikuwa mimi. Baada ya wiki tatu tulipanda tena tuta lile lile, na sukuma ile ikatoka na majani mapana yaliyowashangaza watu.

NAMNA ZA KUITUMIA

Iliyo rahisi kuliko zote ni matandazo. Unakata lusini, unaikatakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, unaitandaza juu ya udongo kuzunguka mboga, unene wa sentimeta 3 hadi 5. Acha nafasi ya vidole vitatu kutoka kwenye shina ili shina lisioze. Basi. Juu inakauka, chini inaoza polepole, na minyoo ya ardhini huja kuivuta chini. Inazuia jua kukausha udongo pia, kwa hiyo maji ya kumwagilia yanapungua. Mtu akiniambia ana muda wa kufanya jambo moja tu, namwambia fanya hili.

Kufukia, kama tulivyofanya sisi, kunafaa kwa tuta jipya. Katakata, changanya na udongo wa juu kina cha sentimeta 10 hadi 15, usifukie rundo moja chini kama unazika kitu. Tabaka liwe jembamba, vidole viwili. Mwagilia, halafu subiri wiki mbili hadi tatu. Kabla ya kupanda ingiza mkono: kama kuna joto au harufu ya amonia, subiri tena.

Mboji ni pale unapokuwa na vitu vikavu vingi, kama mabua ya mahindi, majani ya migomba makavu, maranda ya mbao. Vitu hivyo peke yake hukaa miezi bila kuoza kwa sababu vina njaa ya naitrojeni. Panga tabaka nene la vikavu, tabaka jembamba la lusini, rudia, nyunyizia maji mpaka rundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Lifike urefu wa mita moja, likiwa dogo joto halikai. Chomeka fimbo katikati, baada ya siku nne ivute uishike: iwe ya moto. Geuza rundo kila wiki.

Halafu ipo chai ya lusini, ambayo vijana huipenda sana kwa sababu inaonekana kama dawa. Chukua ndoo ya lita 20, jaza lusini iliyokatwakatwa theluthi moja, ongeza maji, koroga kila siku kwa siku 7 hadi 14. Itanuka. Usishangae, na usiiweke karibu na dirisha la jirani. Chuja, kisha kopo moja la chai hiyo changanya na makopo 5 hadi 10 ya maji, umwagie kwenye udongo, kwenye shina, si juu ya majani unayokwenda kula. Mara moja kwa wiki au wiki mbili inatosha. Kwa miche michanga tumia ile ya 10.

Na ndoo ile ifunikwe! Kitambaa kisichopitisha mbu, kifungwe kwa kamba. Tusije tukalisha mchicha huku tunafuga mbu. Pia iwekwe mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki, kwani ndoo ya lita 20 inatosha kabisa kumzamisha.

Ukisoma ya Wamarekani utaona wakulima wa waridi wanaisifia sana chai hii. Wana sababu nyingine ya kuipenda. Mwaka 1977 Stanley Ries na wenzake wa Michigan walitangaza kwamba ndani ya lusini kuna nta inayoitwa triakontanoli, ambayo kwa kiasi kidogo mno huchochea mimea kukua. Ni kweli ipo. Mimi siitangazi, kwa sababu chai yako ya ndoo huwezi kupima ina kiasi gani, na kwa mchicha naitrojeni inatosha kuwa sababu.

HESABU ZA UKWELI

Watu hupenda kuambiwa kwamba kitu cha asili kinashinda cha kiwandani kwa kila namna. Si kweli, na ukidanganywa utaacha mapema. Lusini iliyokauka ina naitrojeni kama gramu 25 hadi 30 kwa kilo. Kilo moja ya urea ina gramu 460. Maana yake unahitaji kilo 15 au zaidi za lusini kavu kufikia kilo moja ya urea, na ili kupata kilo moja kavu unakausha kilo 4 hadi 5 mbichi.

Lakini angalia upande wa pili. Kipande cha mita za mraba 10, ikiwa kinamwagiliwa, kwa makadirio ya chini kinakupa kilo 10 kavu kwa mwaka. Hiyo ni naitrojeni ya gramu 250 hadi 300, sawa na zaidi kidogo ya nusu kilo ya urea. Kwa shamba la ekari ni kama kutema mate baharini. Kwa tuta la mchicha la mita za mraba 5, tukisema nusu tu ya naitrojeni hiyo inafika kwenye mboga mwaka wa kwanza, inatosha mavuno mawili au matatu. Nusu nyingine inabaki udongoni pamoja na mabaki yanayoulainisha, na mwaka unaofuata hauanzi sifuri.

Kuna jambo wengi hukosea. Lusini ikiwa imesimama hai pembeni ya mchicha haiugawii mchicha naitrojeni yake. Ni yake. Mchicha unapata pale unapokata lusini ukaileta, au mizizi yake inapokufa ikaoza. Kwa hiyo kupanda tu halafu kukaa kusubiri hakutasaidia.

Na ukikata ukahamisha kila mara, kile kipande cha lusini kinapoteza potasiamu na fosforasi, ambazo hazitoki hewani. Kirudishie majivu ya kuni mara moja au mbili kwa mwaka, konzi mbili kwa mita ya mraba. Majivu yawe ya kuni tupu, si ya plastiki wala mbao zilizopakwa rangi. Yanapunguza pia uchachu wa udongo, na lusini haipendi kabisa udongo wenye uchachu. Ila usimwage majivu pamoja na chai ya lusini siku moja, kwani naitrojeni itapanda hewani kama amonia, ukabaki na harufu tu.

KUPANDA

Mbegu zinapatikana maduka ya pembejeo. Kwa mita za mraba 10 vijiko viwili vya chakula vinatosha. Mistari iachane sentimeta 25, kina kisizidi sentimeta 1, mbegu ni ndogo. Kama eneo lenu halijawahi kuwa na lusini, omba ndoo moja ya udongo kwa mtu ambaye yake ina vifundo vya pinki, uuchanganye kwenye mistari. Udongo huo ndio unaoleta rizobia wanaofaa, na hao wa maharage hawakubali nyumba ya lusini. Palilia miezi miwili ya kwanza bila uvivu. Miezi mitatu hivi, maua ya kwanza yakianza kuchomoza, kata ukiacha kisiki cha sentimeta 5 hadi 8, kisha kila wiki tano au sita.

Ninyi wa Pwani na kwenye udongo wenye uchachu mwingi, msilazimishe. Wakulima wa Ruvuma wanaijua marejea, ambayo watawa wa Peramiho waliieneza sana. Wengine wana alizeti pori kando ya barabara. Hiyo si ya jamii ya kunde, lakini majani yake yalipopimwa magharibi mwa Kenya yalikutwa na naitrojeni kama asilimia 3.5 yakiwa makavu, pamoja na potasiamu nyingi. Yote hutumika kwa namna zile zile.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Samadi si ipo? Kwa nini nihangaike na majani?

Samadi iliyooza vizuri ni nzuri sana, na kama unayo, itumie pamoja na lusini. Hatari ni samadi mbichi kwenye mboga. Kinyesi kibichi kina bakteria wa kuharisha na wakati mwingine mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Mchicha unavunwa kwa wiki tatu au nne. Piga hesabu mwenyewe. Samadi mbichi, hasa ya kuku, ipitie kwenye rundo la mboji lenye joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, ukiligeuza ili ya nje nayo iingie ndani. Mabaki ya lusini uliyotoa kwenye hori, yaliyochanganyika na kinyesi, yahesabu kama samadi mbichi. Kinyesi cha binadamu usiweke kwenye mboga kabisa.

Je, naweza kunywa juisi ya lusini iongeze damu?

Swali hili naulizwa kila mahali, na wapo wanaouza unga wake kwa bei ya kutisha. Wape ng'ombe na mchicha, wewe kula mchicha. Chipukizi mbichi za lusini zimewahi kuleta milipuko ya salmonela Marekani na kwingineko. Mwenye ugonjwa wa lupasi hatakiwi kuila, na anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda inaweza kumvurugia dozi, kwa sababu ina vitamini K nyingi.

Nikila mboga tu, damu itapanda?

Hapana, na hapa naomba niwe mkweli. Chuma cha kwenye mboga mwili unakichukua kwa shida. Kamulia limau au kula na chungwa au pera, na chai isogeze mbali na mlo angalau saa moja, kwani inazuia chuma kuingia. Dagaa, maini na nyama hata kidogo husaidia sana. Mboga zina kingine cha maana, nacho ni foleti, ambayo damu haitengenezwi bila hiyo. Lakini upungufu wa damu huletwa pia na malaria, minyoo, na hedhi nzito. Nenda kapimwe. Ukipewa vidonge, meza mpaka viishe, usivitupe kwa sababu vinafanya choo kuwa cheusi. Hiyo ni kawaida yake.

Yule msichana alimaliza vyake, akapimwa tena, kiwango kikawa kimepanda. Vidonge ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, nisimpokonye mfamasia sifa yake. Tuta la mama yake sasa lina matandazo, na mboga wanakula wao na wanauza fungu mbili tatu kwa jirani.

Ng'ombe wangu au sungura wangu ale hiyo hiyo?

Ale, lakini ng'ombe asipewe nyingi ikiwa mbichi na ina umande. Tumbo hujaa gesi na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Inyaushe kwanza juani, na uichanganye na mabingobingo.

KAZI YA KIKUNDI

Tafuteni makopo matatu ya rangi tupu yaliyooshwa vizuri, au viroba vidogo, mtoboe chini. Wekeni udongo ule ule, mpande mche mmoja mmoja wa sukuma wiki, yote siku moja, na maji kipimo kimoja. La kwanza lisiwekewe chochote. La pili wekeni konzi ya lusini iliyokatwakatwa juu ya udongo. La tatu fukieni konzi hiyo hiyo chini ya mche siku hiyo hiyo ya kupanda, kama nilivyofanya mimi. Andikeni kila Jumamosi kwa wiki sita: idadi ya majani, upana wa jani kubwa kwa rula, rangi ya majani ya chini. Lile la tatu litawauma, lakini wacheni life mkiliona. Mche mmoja ni nafuu kuliko 49.